Gemu limegoma kwenye Linux? Anza na dalili, usikimbilie kufomati

Wakuu, tangu Windows 10 ikatiwe apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 simu yangu haipoi. Mtu ana laptopu yake nzuri tu, Windows 11 imemkataa kwa sababu prosesa ni ya zamani au haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), rafiki kamwambia weka Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, siku hizi magemu yanacheza, kaweka, kafungua Steam, lile duka la magemu, kashusha gemu la GB 40 kwa bando la wiki nzima, kabonyeza Play, kimya. Hapo ndo ananipigia, na salamu yake ni ileile: "Linux yako hii imegoma."

Rafiki yake hakumdanganya lakini. Mwezi huohuo wa Oktoba 2025 takwimu za Steam zilionyesha wanaocheza kwa Linux wamevuka asilimia 3, mara ya kwanza hiyo, na miaka kumi nyuma walikuwa hawatoki kwenye asilimia 1. Kilichopindua meza ni Proton, programu ya kuchezea magemu ya Windows ndani ya Linux, ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa Agosti 2018. Ndani yake kuna Wine, mradi wa tangu 1993 wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux, na kuna DXVK ambayo kazi yake ni kuchukua amri za picha za DirectX, lugha ya Windows, na kuzigeuza ziwe za Vulkan, lugha ya picha ambayo Linux inaielewa. Halafu Februari 2022 ikaja Steam Deck, kimashine cha mkononi kinachoendesha Linux, watengenezaji magemu wakaona kumbe huku kuna wateja.

Shika hilo neno Vulkan maana nusu ya ugomvi wote hapa chini unaishia kwake. Gemu linaongea Kiwindows, Wine inatafsiri, DXVK inatafsiri mambo ya picha, Vulkan inapokea, inampa draiva (programu inayoiendesha kadi ya picha), draiva anampa kadi. Mmoja hapo akilala gemu zima limelala, na Steam haikwambii nani kalala.

Kwanza uliza kama ugonjwa unatibika

Hii naitanguliza kwa sababu ndo inayoteketeza mabando ya watu. Magemu mengi ya kushindana mtandaoni yana kinga ya kuzuia wanaochiti, na baadhi ya hizo kinga zinataka kukaa ndani kabisa ya keneli, yaani kiini, ya Windows. Sasa Linux keneli ya Windows itaitoa wapi. Valorant haichezi. Fortnite haichezi. League of Legends watu walikuwa wanaicheza miaka nenda rudi, 2024 wakaiwekea Vanguard, kinga ileile ya Valorant, ikafa siku hiyohiyo. Apex Legends ilikuwa safi kabisa mpaka mwisho wa Oktoba 2024 wenyewe walipoamua kuwafungia mlango watu wa Linux. GTA V stori unacheza hadi unaimaliza, ila ukienda Online tangu Septemba 2024 walipoleta kinga ya BattlEye inakutoa nje. Na hii najua itauma wengi: EA Sports FC, mpira wa EA wa miaka hii, una kinga yao wenyewe na hakuna Proton, hakuna amri, hakuna dua.

Dalili yake ni kwamba gemu linafunguka vizuri, muziki unapiga, menyu hiyo hapo, ukigusa mechi ya mtandaoni unatolewa au kinakuja kijisanduku kinataja anti-cheat. Ukiona hivyo usifomati kitu. BattlEye na Easy Anti-Cheat zote mbili zinaweza kufanya kazi ndani ya Proton tangu 2021, lakini mwenye gemu lazima akubali kuwasha. Elden Ring wamewasha, inacheza. Apex ndo hao waliozima. Kwa hiyo kabla hujashusha chochote angalia tovuti za ProtonDB na Are We Anti-Cheat Yet, na usome maoni ya mwezi huu, ya 2021 yaache yapumzike. Counter-Strike 2 na Dota 2 hazihitaji hata Proton, zina toleo la Linux kabisa.

Ukikutana na video ya mtu anasema ana njia ya kuipita kinga, mpite yeye. Utafungiwa akaunti.

"Nabonyeza Play, inaandika Running, sekunde tatu inarudi Play"

Hii ndo mama yao. Dogo mmoja wa mtaani kwetu aliniletea HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, kaifuta vumbi vizuri, kila gemu aliloshusha linafanya hivyohivyo. Alikuwa kashaweka Mint mara tatu, mara tatu wakuu, akidhani kakosea kuweka. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika hivi:

`sudo apt install vulkan-tools`
`vulkaninfo --summary`

Shuka chini tafuta mistari miwili tu, deviceName na apiVersion. Kwake ilitoa Intel HD 4400, Vulkan 1.2, na juu yake onyo linalosema Haswell Vulkan support is incomplete, yaani Vulkan kwenye prosesa za Haswell, kizazi cha nne cha Intel, haijakamilika. Basi, kesi imeisha pale pale. DXVK tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inataka Vulkan 1.3, na Proton 8 kwenda juu zinabeba hiyo DXVK mpya, kwa hiyo kila alichofungua kilikuwa kinakufa mlangoni. Tiba: bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, weka tiki ya kulazimisha toleo, chagua Proton 7.0 au 6.3. Likigoma bado, humohumo Properties kwenye Launch Options weka `PROTON_USE_WINED3D=1 %command%`, hapo linapita njia ya OpenGL, lugha ya picha ya zamani, badala ya Vulkan, ni kobe lakini magemu ya zamani ya DirectX 9 yanatembea. Magemu mapya mazito kwenye mashine hiyo sahau, tusidanganyane.

Jinsi ya kujua prosesa ya kizazi gani kabla hujatoa hela yako dukani: i5-4300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 4, kizazi cha nne, hiyo ndo G1. i5-6300U ni cha sita, hiyo ni G3, na kuanzia cha sita Vulkan ya Intel imekaa vizuri. Kizazi cha pili hakina Vulkan kabisa, hata ya kuombea maji. Muuzaji atakwambia "ni Core i5 hiyo boss" kana kwamba i5 zote zilizaliwa siku moja.

Kama deviceName inasema llvmpipe peke yake, draiva ya kadi haipo na prosesa ndo inachora picha kwa mkono. Kama 64 biti iko sawa ila magemu ya zamani ya 2010 mpaka 2013 hivi ndo hayafunguki wakati mapya yanafunguka, umekosa draiva ya 32 biti:

`sudo apt install mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386`

Hizo ni za Intel na AMD. Za Nvidia nakuja.

Watu wa Ubuntu mna lenu peke yenu. Ukiweka Steam kutoka duka la programu la Ubuntu unaweza kuwa umepewa ya snap, aina ya kifurushi cha Ubuntu, na hiyo ina vituko vyake, hata watu wa Valve wenyewe walishasema tuiepuke. Andika `snap list`, ukiiona steam hapo itoe, chukua faili la deb kutoka tovuti ya Steam yenyewe. Hamisha magemu yako kwanza usije ukafuta GB 40 zikaenda nayo.

Halafu kuna lile la "jana lilikuwa linacheza". Hapo mara nyingi ile Windows bandia ambayo Proton inalitengenezea kila gemu imeharibika, labda umeme ulikatika katikati. Iko `~/.steam/steam/steamapps/compatdata`, kila gemu na folda yake yenye namba, namba ni ileile inayoonekana kwenye anwani ya gemu pale duka la Steam. USIIFUTE. Ibadilishe jina tu, kama ni 12345 iite 12345-zamani, fungua gemu, Proton itatengeneza nyingine. Sevu zako zinaweza kuwa zimo humo ndani, `pfx/drive_c/users/steamuser`, likifunguka zirudishe. Nimeshaona mtu mzima anakaribia kulia kwa sevu ya saa 90.

"Gemu liko kwenye diski ya Windows, Steam inaliona ila halifunguki"

Hii ni ya wale wenye Windows na Linux kwenye mashine moja. Wazo lenyewe zuri, kwa nini ushushe mara mbili, unaielekeza Steam ya Linux kwenye diski D basi. Shida ni kwamba diski ile ni NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, na folda ya compatdata ndani yake ina majina kama `c:`, na Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili. Ukirudi Windows ikifanya ukaguzi wa diski inaona uchafu, inafagia. Wiki moja linacheza, wiki inayofuata halichezi, unaona kama limerogwa.

Sababu ya pili ya hapohapo: Windows ikizimwa kawaida haizimi kabisa, inalala nusu kwa sababu ya Fast Startup, na diski inabaki imefungwa. Linux inaifungua kwa kusoma tu. Steam itakwambia disk write error. Ingia Windows, fungua Command Prompt kwa uadmini, andika `powercfg /h off`, zima vizuri, rudi Linux.

Kwa ile ya nukta mbili, funga Steam, futa compatdata iliyo kwenye NTFS tu (sevu toa kwanza), halafu elekeza ya Linux, hapo weka njia ya diski yako:

`mkdir -p ~/.steam/steam/steamapps/compatdata`
`ln -s ~/.steam/steam/steamapps/compatdata /media/jina/D/SteamLibrary/steamapps/`

Ila mimi ukiniuliza, kata kipande cha diski ukifomati ext4, mpangilio wa Linux, uyaweke magemu huko. Na bando huli tena: kopi folda ya gemu kutoka `steamapps/common` ya Windows uibandike kwenye `steamapps/common` ya Linux kwa jina lilelile, kisha bonyeza Install. Steam itakuta mafaili yapo, itayakagua, itashusha kilichopungua tu. Nimehamisha hivi magemu ya marafiki kwa flashi na diski za nje.

"Nvidia nimeweka draiva lakini hakuna kitu"

Andika `nvidia-smi`. Ikikujibu kwamba has failed because it couldn't communicate with the NVIDIA driver, angalia `mokutil --sb-state`. Kama Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminiwa mashine ikiwaka, imewashwa, nakuhadithia kilichotokea kwako hata kama sikuwepo. Ulipokuwa unaweka draiva ilikuomba utunge paswedi, ukatunga. Ukazima na kuwasha, ikaja skrini ya bluu ya kutisha imeandikwa Perform MOK management, ukaogopa, ukachagua Continue boot. Hapo ndo ulipoliacha basi. Ile skrini ilikuwa inakuomba ruhusa ya kuiamini draiva, ulitakiwa uchague Enroll MOK kisha uweke ile paswedi. Kuirudisha:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Tunga paswedi rahisi, zima washa, safari hii usikimbie. Au zima Secure Boot kwenye BIOS, ila kumbuka kama una Windows pembeni kuna magemu ya huko siku hizi yanaitaka iwe imewashwa.

Wenye kadi za zamani kama GT 710, draiva yenu inaishia 470, nayo Vulkan yake ni 1.2. Rudi juu kwa dogo wa EliteBook, dawa yenu moja.

"Linacheza ila linakwamakwama"

Uliza linakwama lini. Kama ni dakika za mwanzo tu, kila ukiona kitu kipya, mlipuko, adui mpya, halafu likishazoea linatulia, hizo ni sheda (vijiprogramu vya kuchora picha kwenye kadi) zinatengenezwa. Steam inajaribu kuziandaa kabla, ndo ile Processing Vulkan shaders inayowakera watu wanabonyeza Skip. Mara ya kwanza iache imalize, kapike chai. Ila hizo sheda zinashushwa pia, kwa hiyo kama unatumia bando la kupima kwa kijiko zima kwenye Settings, Downloads, utavumilia kukwamakwama kidogo siku ya kwanza.

Kama linakwama muda wote na laptopu ina kadi mbili, gemu huenda limepanda kadi ya Intel wakati Nvidia imekaa tu inakula chaji. Weka kwenye Launch Options:

`__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%`

Kwa AMD ni `DRI_PRIME=1 %command%`. Weka na `mangohud` mbele ya %command% baada ya kuiweka kwa apt, itakuonyesha juu ya skrini kadi gani inafanya kazi na fremu ngapi, uache kubahatisha.

Kama ni kadi ya ndani tu, fungua mfuniko wa chini uangalie RAM. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na kijiti kimoja cha GB 8, nafasi ya pili tupu. Kadi ya ndani inakopa RAM ya mashine, na kijiti kimoja ni sawa na daladala kupita barabara ya njia moja. Ukiongeza cha pili fremu zinapanda kuliko mtu anavyotegemea, na hakuna amri ya terminali ya kukupa hicho. Na chomeka chaja jamani, kwenye betri mashine inajibana.

Kama halikwami bali linajifunga lenyewe katikati ya mchezo, hasa yale makubwa, angalia `sysctl vm.max_map_count`, kikomo cha vipande vya memori ambavyo programu moja inaruhusiwa kushika. Ikisema 65530 ni ndogo, Ubuntu 24.04 na Fedora za sasa zimeshapandisha hadi 1048576, na wewe pandisha:

`echo "vm.max_map_count=1048576" | sudo tee /etc/sysctl.d/99-gemu.conf`

Washa upya.

Vijimambo vingine vya harakaharaka

Video za stori zinatoa mistari ya rangi kama TV ya zamani stesheni ikiwa imeshafunga: Proton imekosa namna ya kucheza video ile. Weka ProtonUp-Qt, shusha nayo GE-Proton, Proton iliyoboreshwa na Thomas Crider, ichague palepale kwenye Compatibility. Mara nyingi inatosha.

Sauti inakwaruza kama redio ya mbao: `PULSE_LATENCY_MSEC=60 %command%`.

Gemu lina toleo la Linux lakini limekaa ovyo: lilazimishe litumie Proton. Ndio, toleo la Windows kupitia Proton mara nyingi linashinda toleo la Linux la 2014 ambalo aliyelitengeneza alishalitelekeza siku nyingi. Kichekesho, ila ndo hali.

Mapachi na modi za magemu ya mpira zinazokuja na dinput8.dll hazishiki, gemu linafunguka jezi za zamani: Wine inatumia dinput8 yake, iambie itumie ya kwako, `WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command%`.

Pedi ya dukani isiyo na jina, Linux inaiona lakini gemu haliioni. `sudo apt install steam-devices`, chomoa chomeka, halafu Settings, Controller, washa Steam Input ya pedi za aina hiyo. Pedi nyingi za kopi zina njia mbili za kuongea, shikilia kitufe cha katikati sekunde tano hivi taa zibadilike, ndipo gemu litaiona kama ya Xbox.

Saa. Hii ya wenye Windows pembeni, na sisi wa Afrika Mashariki tunaitambua haraka kwa sababu inakosea masaa matatu kamili. Ni saa 12 jioni, unawasha Linux inakwambia saa 3 usiku, unarudi Windows nayo inakwambia saa 9 alasiri. Windows inaandika saa ya ukutani kwenye bodi, Linux inadhani ni saa ya UTC, saa ya kimataifa, inaongeza tatu. Ukicheza bila intaneti, sevu zinaandikwa na saa ya mbele, ukija kuunganisha Steam haijui ipi mpya. `timedatectl set-local-rtc 1`, imeisha.

Umejaribu yote bado kimya

Weka `PROTON_LOG=1 %command%`, bonyeza Play, liache life. Kwenye folda yako ya nyumbani kutatokea faili linaloitwa steam, kistari, namba ya gemu, log. Usinitumie picha ya skrini uliyopiga na simu mkono unatetemeka, nitumie hilo faili. Lina mistari maelfu na mingi haina maana hata ile yenye neno err, kwa hiyo usitishike, tafuta kwanza neno Vulkan. La yule dogo lilikuwa na mstari unaosema Skipping Vulkan 1.2 adapter na jina la kadi yake mbele, chini kidogo No adapters found. Mara tatu kaweka Mint, na jibu lilikuwa linamsubiri humo tangu siku ya kwanza.